Sebene wakati wa sadaka: tupige kura?

Swali: Ibada yetu ya Kiswahili huku Marekani ina Wakongo, Watanzania na Wakenya. Wakongo wanacheza sebene (ile sehemu ya wimbo yenye gitaa la kasi, ya kucheza) wakipeleka sadaka, wengine wanaita hilo udunia. Tupige kura?

Jibu 1: Kura msipige, wachache watahama kimyakimya. Someni Matendo 6: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walisahauliwa kwenye huduma ya kila siku, wakachaguliwa watu 7, na majina yote 7 ni ya Kiyunani. Kundi lililolalamika kusahauliwa ndilo lililopewa kazi! Wekeni zamu: kila kundi liongoze nyimbo Jumapili yake, dakika 20, saa iwe ukutani.

Jibu 2: Mara nyingi ugomvi ni spika, si sebene. Punguzeni besi, wazee wasikae mbele ya spika. Na lugha nayo: Mkenya akisema "nipe kiti" hana jeuri, ila Mtanzania alisubiri "naomba". Mlieleze hili siku ya kupokea wageni, kabla halijauma.

Jibu 3: Warumi 14:3 inamkataza anayekula kumdharau asiyekula, na asiyekula kumhukumu anayekula. Pande zote mbili. Lakini mhazini, kwa mfano, akiiba sadaka, hiyo si tofauti ya utamaduni, ni kosa. Fuateni Mathayo 18:15-17: peke yenu, kisha mashahidi, kisha kanisa. Wengi huanzia kwenye grupu la WhatsApp.