Mtoto mwenye usonji: nifanyeje ratiba ya asubuhi inapovurugika?

Mama wa Tanga

Shikamooni wakubwa, na wazazi wenzangu habari zenu. Mwanangu wa kiume ana miaka 6, na ni mwaka wa pili sasa tangu tuelezwe hospitalini kwamba ana usonji (autism), yaani ubongo wake unakua kwa namna tofauti, na mawasiliano na mabadiliko humwia vigumu. Maneno yake ni machache, ingawa anaelewa mengi. Mambo yakienda kama alivyoyazoea, anaoga, anakunywa uji katika kikombe chake cha bluu na kuvaa sare bila shida. Lakini umeme ukikatika, tukachemsha maji kwa mkaa badala ya jagi la umeme, au akaja mgeni akalala chumbani kwake, hulia na kujigonga kichwa ukutani hata nusu saa, na gari la shule hutuacha. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anaona kwamba nimemdekeza na kwamba fimbo ingemnyoosha. Sitaki kumpiga mtoto, wala sitaki kugombana na mama. Ninyi mnaipangaje siku?

Baba wa Mombasa

Pole sana, dada yangu. Binti yangu ana miaka 11 sasa, na kilichotusaidia ni picha. Mwanzoni nilichapisha michoro ya kwenye intaneti, nayo haikumwambia kitu, kwa sababu ilionyesha mtoto ndani ya beseni kubwa la kizungu ilhali sisi tunaoga kwa ndoo na kata. Ndipo nikapiga kwa simu picha za ndoo yake, mswaki wake na viatu vyake, nikazibandika mlangoni kutoka juu kwenda chini. Akimaliza jambo, huibandua picha yake na kuitia kwenye kopo. Anza na picha mbili tu, usianze na sita. Sisi tulikaa na mbili karibu mwezi mzima.

Mtaalamu wa utengamao

Naunga mkono picha, ila ningependa mama aongeze kadi moja ya kumwambia mtoto kwamba leo kuna badiliko, kwa mfano kadi nyekundu isiyo na kitu kingine. Ifundishe siku ambayo mtoto ametulia, na kwa badiliko analolipenda: mwonyeshe kadi, kisha badala ya uji mpe chapati. Akizoea kwamba kadi ile si habari mbaya, ndipo uitumie siku ya mgeni au ya umeme kukatika.

Tena, chunguza hisi zake. Mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, ulizitaja hisi kali mno au hafifu mno miongoni mwa dalili za usonji. Maji ya mkaani yanaweza kuwa na harufu ya moshi, na huenda hicho ndicho anachokikataa. Anapojigonga, weka mto kati ya kichwa na ukuta, punguza maneno na watu, usimwulize maswali. Fimbo humwongezea maumivu wakati ambao hawezi kujifunza chochote. Kujigonga kukizidi ghafla, mpeleke hospitali akaangaliwe masikio, meno na tumbo, kwani mtoto asiye na maneno hawezi kukwambia panapouma.

Bibi wa Morogoro

Mwanangu, mimi nilikuwa kama huyo mama mkwe wako. Nilisema fimbo, nikasema na mengine ambayo leo yananiuma. Mkwe wangu hakubishana nami. Aliniomba kila jioni baada ya chakula nikae na mjukuu, nimwonyeshe picha za kesho. Kukaa naye hivyo ndiko kulikonionyesha kwamba mtoto anaogopa, wala hana kiburi. Sasa umeme ukikatika ni mimi ninayekwenda kumwonyesha kadi, kwa sababu amezoea iwe mikononi mwangu. Mpe mama kazi iliyo yake, na umwachie aifanye.

Mama wa Tanga

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Leo nimepiga picha ya ndoo na ya kikombe, na kesho nitanunua kikombe cha pili cha bluu. Mama nimemwomba ashike kazi ya jioni. Hajajibu, lakini ameuliza picha zitabandikwa wapi.