Mjadala: Onyesho lianze saa iliyotangazwa, hata ukumbi ukiwa nusu mtupu?

Msimamizi wa Jukwaa, Unguja

Ndugu zangu, jambo hili limenikaa moyoni. Tangazo linasema saa 2 usiku. Saa 2 wanamuziki wako nyuma ya jukwaa, wamevaa, magitaa yameshawekwa sawa, na waliokata tiketi mapema wamekaa. Anakuja mwandaaji: "Tusubiri kidogo, watu bado." Kidogo hicho kinafika saa 3 na nusu. Anayeumia ni kundi la mwisho, maana kibali kina saa yake ya kufunga, na afisa akishasimama mlangoni hajali mlianza saa ngapi. Watu wamefanya mazoezi ya nyimbo 8 wanaambiwa wapige 3.

Msimamo wangu: tuanze saa iliyoandikwa. Waliopo wakiwa thelathini, tuanze na hao thelathini. Na kila kundi lishuke dakika zake zikiisha. Anayepinga alete hoja.

Promota, Tanga

Kaka, nakuheshimu, lakini wewe hukai mlangoni. Pesa ya jenereta, ya spika, na malipo ya wanamuziki yaliyobaki yanatokana na viingilio vya usiku uleule. Wateja wangu wengi hawakati tiketi mapema. Wanapita nje kwanza, wanasikiliza kama kumechangamka. Nikianza watu kumi tu wamekaa, mwimbaji mkubwa anagoma kupanda. Nikimpandisha kwa nguvu, anayefika saa 3 na nusu akasikia ameshaimba anageuza palepale. Hasara hiyo hunisaidii kuilipa.

Msimamizi wa Jukwaa, Unguja

Nakuelewa, kaka. Lakini huyo mteja wako wa saa 3 na nusu, siku ya Simba na Yanga yuko Uwanja wa Mkapa tangu mchana. Anajua filimbi haimsubiri. Kuchelewa kwenye muziki tumemzoesha sisi.

Mnakumbuka tarehe 8 Mei 2021? Mechi yao ilisogezwa siku ileile kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Yanga wakafika saa 11 kama ratiba ya awali, mpinzani hayupo, wakaondoka. Mchezo ukachezwa Julai. Nchi nzima ilichachamaa kwa ajili ya saa mbili. Kwenye muziki saa mbili zinapotea kila wiki na hakuna anayeulizwa.

Mama wa Taarabu, Mombasa

Wanangu, taarabu si mpira. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaomgusa mtu, mama anainuka kwa mwendo wake, noti mkononi, anapita kwanza mbele ya yule aliyemkusudia, ndipo aende kumtunza mwimbaji. Nyuma yake wameshajipanga wengine. Kiongozi wa kundi akiona vile anarudisha kiitikio mpaka wote wamalize. Wimbo wa dakika 10 unafika 20, na hapo ndipo shughuli iliponoga. Watu wameshona nguo kwa ajili ya dakika hizo. Ukimkatisha yule mwimbaji umewakatisha na waliosimama kumtunza. Kuanza kwa wakati nakubali. Kukatisha sikubali.

Mswahili wa London

Shikamoo mama. Huku kukatisha kupo. Tarehe 14 Julai 2012, bustani ya Hyde Park, mwanamuziki Bruce Springsteen yuko jukwaani na mwenzake Paul McCartney, muda wa kibali ukapita, sauti ikazimwa. Hata kuaga hawakusikika. Watu walikasirika sana, lakini wanaoishi jirani na bustani ile nao wana haki ya kulala.

Fundi Mitambo, Morogoro

Mnabishana kuhusu saa 2 usiku wakati kuchelewa kunazaliwa saa 9 alasiri. Kundi limepangiwa kupima sauti saa 9, linafika saa 12, mpiga kinanda hana waya wake, na hakuna aliyeniambia kwamba wako waimbaji watano.

Dawa yake inajulikana. Kila kundi lilete orodha ya ala na maiki siku moja kabla. Kundi litakalopiga mwisho lipime sauti kwanza, litakalofungua lipime mwisho, ili vyombo vyake vibaki palepale jukwaani. Ngoma za makundi mengine zifungwe juu ya mbao zenye magurudumu, zisukumwe tu. Kubadilisha kundi ni kazi ya dakika 15; naona inakula 50 kwa sababu kila kitu kinaanza kutafutwa gizani.

Kuhusu kukatisha: kwenye Live Aid, lile tamasha la hisani uwanja wa Wembley, London, 13 Julai 1985, walimwekea msanii taa jukwaani kama za barabarani: kijani, njano, nyekundu. Akiona njano anajua amalizie. Mwimbaji akipewa ishara mapema hafiki kuzimiwa sauti.

Dada wa Temeke

Mimi nafika saa 2 kwa sababu naondoka saa 5. Baada ya hapo daladala za kwetu hakuna, na bodaboda anataja bei anayotaka. Kundi la mwisho nimelilipia mara nyingi, sijaliona. Promota, kaka yangu, mbona unamlinda aliyechelewa kuliko mimi niliyekuja mapema na pesa yangu mkononi?

Msimamizi wa Jukwaa, Unguja

Dada, wewe ndiye ninayekusemea. Hata mpiga gitaa Jimi Hendrix yalimkuta: tamasha la Woodstock, Marekani, 1969, alikuwa afunge Jumapili usiku, akapanda Jumatatu asubuhi, na umati mkubwa ulishaondoka.

Mama, hoja yako naichukua. Kundi la taarabu lipangwe mwisho, lipewe muda wa saa mbili nzima badala ya dakika 40, watu watunze kwa nafasi. Hilo linawezekana tu kama waliotangulia walianza kwa wakati.

Promota, Tanga

Dada umenibana. Basi nasema hivi: niko tayari kuanza saa 2 kamili, na kiingilio kabla ya saa 2 kiwe nusu. Sharti langu ni moja. Maonyesho ya mwanzo, kabla watu hawajazoea, mapato yatashuka. Wanamuziki na wenye spika wakubali kugawana nami hasara hiyo kwa mkataba wa maandishi. Fundi, wewe utasaini?

Fundi Mitambo, Morogoro

Nitasaini, kama kupima sauti kutaanza saa 9 na atakayechelewa ataruka zamu yake, hata akiwa ndiye jina kubwa kwenye tangazo. Andika na hilo.