Sufuria la mvuke la hoteli kwa kupikia mso: ninunue au niache?

MamaMbege_Marangu

Habari za jioni wapendwa, na wazee wangu shikamooni.

Kuna hoteli Moshi mjini imefunga jiko na inauza vyombo. Nimekwenda kuangalia na kijana wangu. Kilichonivuta ni sufuria la mvuke la lita 150, lile la kuta mbili, ukizungusha gurudumu linainama. Lakini hawaliuzi peke yake. Linakwenda na mashine ya kukandia unga yenye bakuli la lita 20, keni nne za maziwa, meza ya stenlesi, na friza la kulala ambalo mota yake imekufa. Wanataka milioni moja na nusu kwa mzigo wote.

Mimi napika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya oda: harusi, ubarikio, misiba, na Desemba watu wakirudi nyumbani. Desemba ndiyo inaniua. Ndizi hazinipi shida, zinachemka kwenye pipa juu ya kuni mpaka zigeuke nyekundu, nani ana haraka. Shida ni mso. Uji wa ulezi lita mia, wanawake wawili na mwiko kama kasia, ukigeuka tu kumsalimia mgeni chini kumeshika. Na mso ulioungua hauna dawa. Uchanganye na nyalu (zile ndizi zilizochemshwa na kuchacha) nzuri kiasi gani, mzee akionja anaweka kata chini na kuulizia soda.

Je, sufuria hili litaniondolea kuungua? Umeme wangu ni wa kawaida wa nyumbani, na kibati chake kinasema kW 9, volti 400. Na hivyo vingine nivifanyie nini, au nalipia mapambo?

Fundi_Stenlesi

Dada, hilo sufuria ndilo mali, vingine ni nyongeza. Uji unaungua kwa sababu moto wa kuni unapiga sehemu moja ya chini. Kwenye kuta mbili, moto haugusi chakula. Mvuke unazunguka katikati na kupasha ukuta wote sawasawa, na joto lake haliwezi kupanda kama la kuni. Utakoroga bado, maana ulezi unatuama, ila hutakoroga kwa hofu.

Kabla hujatoa hela, kaangalie geji ya presha sufuria likiwa limepoa kabisa. Haya ya umeme yamefungiwa maji yake humo kwenye kuta, na hewa imetolewa. Likiwa zima, mshale unakaa chini ya sifuri. Ukikaa kwenye sifuri, hewa imeingia. Pengine ni kuitoa tu, pengine kuna ufa. Tazama na kioo cha kuonyesha kiwango cha maji. Halafu vali ya usalama: inyanyue kile kikono chake. Ikiwa imeganda, au mtu ameiziba kwa bolti (nimeshaona!), usiwashe hata kwa kujaribu mpaka ibadilishwe. Na asikudanganye fundi wa mtaani atoboe ukuta wa nje apitishe maji baridi ya kupozea. Humo ndani kuna hita.

Umeme sasa. kW 9 mara nyingi ni hita tatu za kW 3. Kama zimeungwa kwa nyota (star), kila hita inakula volti 230, kwa hiyo fundi umeme mwenye leseni anaweza kukuwashia moja kwenye laini yako ya fezi moja, kwa waya wake na swichi yake, siyo kwenye soketi ya pasi. Zikiwa kwa pembetatu (delta) zimetengenezwa kwa volti 400, na ukizipa 230 unapata theluthi ya nguvu tu. Hapo utaota ndevu ukisubiri.

Hata kwa nyota, lita 100 kutoka maji ya bomba hadi kuchemka ni karibu yuniti 9. Hita moja itachukua saa tatu na zaidi. Chemsha maji kwenye kuni kama ulivyozoea, yamimine humo yakiwa ya moto, umeme ufanye kazi ya kuivisha tu.

Keni, pitisha sumaku na uzinyanyue. Isiyoshika na ni nyepesi ni alumini: bebea maji na ndizi, usichachulie humo, na usizioshe kwa kostiki maana inakula alumini. Meza ichukue.

Bibi_Kihamba

Marahaba mwanangu. Fundi ameeleza vizuri mambo ya chuma, mimi naongezea ya pombe.

Hilo sufuria likae kwenye mso tu. Msianze kusema lina nafasi, tuchachulie humo humo. Mbege ikishakaa, unataka chombo siku nzima na zaidi, na wewe Desemba unataka kupika mso mwingine kesho yake asubuhi. Mso ukiiva uinamishe, utoke, uoshe.

Hoteli walipika humo supu na mchuzi. Mafuta yanajificha kwenye koki. Ifungue yote, vipande vipande. Kama haifunguki, nunua nyingine. Chemsha maji na sabuni, mwaga, chemsha tena matupu, kisha yaonje. Ukisikia kitunguu, rudia. Dawa ya madoa ya klorini usiiweke, inatoboa stenlesi na harufu yake haiondoki.

Mashine ya unga sioni kazi yake. Wengine watakuambia uponde ndizi humo. Zikisagika laini mno hazichujiki, zinapita na maji na nyalu inakuwa tope. Iuze kwa mwoka mikate, urudishe hela. Friza ninalo hapa kwangu, bovu vilevile. Mwezi wa saba baridi ikishuka naweka pipa ndani, joto halitoki, mbege inachacha vizuri kama Desemba. Mfuniko usiubane, pombe inapumua.

Mangi_wa_Dar

Bibi naomba kuuliza, na msesewe, lile gome chungu la kutilia mbege, je? Unachemshwa kwenye hilo sufuria la kisasa au bado pembeni?

Bibi_Kihamba

Pembeni, mjukuu wangu. Chungu chake ni chake. Ukiupika humo, uchungu utaufuata hadi uji wa mtoto.

MamaMbege_Marangu

Asanteni sana. Kijana amerudi leo asubuhi kabla hawajawasha kitu. Mshale uko chini ya sifuri, kioo kina maji zaidi ya nusu. Vali ya usalama imeganda, haitikisiki. Keni tatu hazishiki sumaku na ni nyepesi, moja inashika kidogo na ina kutu shingoni. Ndani ya kifuniko cha waya kuna mchoro, fundi umeme wa hapa anasema ni nyota.

Fundi_Stenlesi

Hizo tatu ni alumini, hiyo ya kutu iache hapo hapo. Vali unapata mpya, ila lazima iwe ya presha ileile iliyoandikwa kwenye kibati, siyo inayokaribiana. Wapigie picha ya vali iliyoganda, waambie sufuria haliwezi kuwashwa hivyo, na uanzie laki tisa. Wana haraka ya kuondoa vyombo kuliko wewe ya kununua.

Bibi_Kihamba

Anzia laki saba.