Karatasi inamvua mtu ubingwa ulioonekana na dunia nzima: gofu ya kulipwa iache huu upuuzi

Wakuu, heshima zenu. Huu ni uzi wa malalamiko na nimekuja na hasira kamili, kwa hiyo wale wa "gofu ni mchezo wa waungwana" mkae mkao wa kula.

Kwa wasiofuatilia gofu, mambo yako hivi: aliyepiga mikwaju michache zaidi ndiye mshindi. Mchezaji wa kulipwa anamaliza mashimo 18 mbele ya maelfu ya watu. Kwenye mashindano makubwa kuna mtu anayetembea na kila kundi, kazi yake ni kuhesabu mikwaju tu na kuiingiza kwenye mashine shimo baada ya shimo. Mchezaji akitoka shimo la 18, ubao umeshaonyesha alama zake. Halafu anaingizwa chumbani, anapewa kadi aliyoandikiwa na mtu anayeshindana naye, anaambiwa akague tarakimu moja moja kisha asaini. Ikitokea shimo moja limeandikwa mkwaju pungufu ya aliyopiga, na akasaini, anaenguliwa. Likiandikwa mkwaju uliozidi, ule uliozidi unakuwa wake, hata kama hakuna binadamu aliyeuona ukipigwa. Ubao unasema 65, televisheni inasema 65, kamati yenyewe ilikuwepo, lakini kadi ikisema 66 basi jamaa amepiga 66. Sasa pale wanashindania gofu au ukarani?

Mfano wa kwanza kila mpenzi wa gofu anaujua, na bado kila nikiusoma nakasirika upya. Augusta, Marekani, tarehe 14 Aprili 1968, Jumapili ya Pasaka, siku ya mwisho ya Masters, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu. Roberto De Vicenzo wa Argentina, bingwa wa Open ya Uingereza ya 1967, alikuwa anatimiza miaka 45 siku hiyohiyo. Shimo la kwanza tu akautumbukiza mpira kwa mkwaju wa pili, tena kutokea mbali, na watazamaji wakamwimbia wimbo wa kuzaliwa. Akaendelea kucheza vile hadi shimo la 17, akalimaliza kwa mikwaju mitatu. Watu waliokuwa pale waliona, waliokuwa majumbani waliona kwenye televisheni. Shimo la 18 likamsumbua, akapiga mitano, akatoka kichwa kikiwa hakipo. Mwenzake wa siku ile, Tommy Aaron, ndiye aliyekuwa anamshikia kadi, na kwenye shimo la 17 akaandika nne. De Vicenzo akaipitisha macho juu juu, akasaini.

Kwa mikwaju aliyopiga kweli alikuwa na 277 kwa siku nne, sawasawa na Bob Goalby wa Marekani. Jumatatu wangerudi uwanjani kucheza mashimo 18 mengine ili bingwa ajulikane. Badala yake De Vicenzo akaandikiwa 278 na nafasi ya pili, Goalby akavishwa koti la kijani la bingwa, na mashindano yakaishia mezani.

Naomba mtu anijibu kwa utulivu: nani alikosea pale? Aliyeandika nne ni Aaron. Adhabu ya Aaron ilikuwa nini? Hakupewa adhabu yoyote, na sheria haikuwa na adhabu ya kumpa. Aliyeadhibiwa ni yule aliyepiga mpira vizuri. De Vicenzo hakumlaumu mwenzake hata kidogo, alijiita mjinga mbele ya waandishi, na tangu hapo watu wanaisimulia kama hadithi tamu ya uungwana. Uungwana ule ulikuwa wa De Vicenzo, haukuwa wa sheria, naomba tusivichanganye.

Na huyo Goalby mnamsahau kila mara. Siku ile alipiga 66, hakumgusa mtu, hakuandika kadi ya mtu, lakini aliletewa barua za matusi kama vile ameiba. Ushindi wake ukabaki na kinyota cha shaka mpaka leo. Yaani sheria moja iliwaharibia watu wawili siku moja, aliyeshindwa na aliyeshinda, halafu mnaniambia inalinda heshima ya mchezo. Aaron mwenyewe alishinda Masters mwaka 1973, na siku ya mwisho alikuta Johnny Miller amemwandikia mkwaju wa ziada. Aliuona mapema, ukafutwa, akavaa koti. Angekuwa amechoka kidogo tu siku ile sijui leo tungekuwa tunasimulia nini.

Kama hiyo haijakutosha, rudi nyuma hadi 1957, US Open ya wanawake, klabu ya Winged Foot, jimbo la New York. Jackie Pung wa Hawaii alimaliza wa kwanza. Mwenzake Betty Jameson alikuwa amemwandikia tano kwenye shimo la nne, ilhali alipiga sita. Jumla iliyoandikwa kwenye kadi ilikuwa 72, na 72 ndiyo mikwaju aliyopiga kweli. Someni tena hapo. Jumla ilikuwa sahihi! Hakuna mtu aliyepunjwa, hakuna aliyeficha kitu, mwanamke alishinda kwa hesabu iliyo sawa kabisa. Wakamwengua kwa sababu ya kisanduku kimoja cha shimo la nne. Jameson naye akaenguliwa, maana Pung alikuwa amefanya kosa hilohilo kwenye kadi yake. Ubingwa akapewa Betsy Rawls. Wanachama wa klabu walichangishana papo hapo wakampa Pung fedha zilizozidi zawadi ya bingwa. Wenye uwanja waliona haya. Waliotunga sheria hawakuona.

Zingine nazipitia haraka maana ziko nyingi mno. Padraig Harrington, uwanja wa The Belfry, Uingereza, mwaka 2000, anaongoza kwa mikwaju mitano ikiwa imebaki raundi moja. Inagundulika kuwa kadi ya raundi ya kwanza haina saini yake; ina saini za wenzake wawili aliocheza nao. Na mnajua iligundulikaje? Kadi zake zilikuwa zinatafutwa ili ziwekwe kwenye fremu kama kumbukumbu! Akaenguliwa asubuhi ya siku ya mwisho. Mark Roe, Open ya Uingereza 2003 pale Royal St George's, anapiga 67 siku ya tatu, anaingia kwenye mbio za ubingwa, halafu inaonekana yeye na Jesper Parnevik walisahau kubadilishana kadi mwanzoni. Alama zote sahihi, majina tu yamepishana. Nje wote wawili. Sergio Garcia, PGA Championship 2007, mwenzake Boo Weekley kamwandikia nne badala ya tano shimo la 17, kasaini, kwaheri. Michelle Wie 2008, amecheza vizuri, ametoka eneo la kukabidhi kadi kabla ya kusaini, kwaheri naye.

Halafu Februari 2024, Riviera, Los Angeles. Jordan Spieth, mtu mwenye mataji matatu makubwa, anaumwa siku ile, anasaini haraka na kuondoka. Shimo la nne limeandikwa tatu na yeye alipiga nne. Nne ile waliiona watu wote waliokuwa wanamfuatilia kwenye simu, mkwaju kwa mkwaju, hadi umbali wa mpira na shimo. PGA Tour, waendeshaji wa mashindano ya kulipwa ya Marekani, wana mfumo wa kupima kila mpira unapodondokea, wanauringia, wanauza takwimu zake. Lakini mfumo huo unaojua mpira umesimama wapi haukuruhusiwa kumwambia Spieth "kaka, hapa pamekosewa" na jambo likaisha. Akaenguliwa, kazi ya siku mbili ikafutwa.

Baada ya kelele wakaanza kutia viraka. Mwaka huohuo PGA Tour ikaweka muda wa dakika 15 wa kurekebisha kosa la kadi. Kabla ya hapo, mwaka 2023, kamati zilikuwa zimeruhusiwa kutoa adhabu ya mikwaju miwili kwa asiyesaini badala ya kumwengua. Kwa kiraka hicho Harrington angeanza siku ya mwisho bado anaongoza kwa mitatu. Na kabla yake, 2018, waliondoa ule upuuzi uliomkuta Lexi Thompson, ambao sitausamehe. Mwaka 2017, mashindano makubwa ya wanawake kule Rancho Mirage, California. Jumamosi aliuokota mpira wake kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo), akaurudisha pembeni kidogo sana ya ulipokuwa. Jumapili mtazamaji akatuma baruapepe. Thompson akiwa anaongoza katikati ya raundi ya mwisho akaambiwa ameongezewa adhabu ya mikwaju minne: miwili kwa mpira, na miwili mingine kwa sababu Jumamosi alisaini kadi "isiyo sahihi". Alisaini kabla hata ya mtu yeyote kusema kuna kosa! Alilia, akacheza, akafika kwenye marudiano na Ryu So-yeon, akashindwa. Ukiona sheria inawekewa kiraka kila baada ya kashfa, ujue wenyewe wanajua imeoza ila wanaona aibu kuing'oa.

Najua mtakuja na hoja ya uaminifu. "Gofu haina refa wa kila mpira, mchezaji anajihukumu mwenyewe, ukiondoa kadi umeua roho ya mchezo." Hapa ndipo mnapochanganya mambo mawili na kuyafunga kwenye furushi moja. Mwaka 1925 kwenye US Open, Bobby Jones alijitangazia adhabu kwa mpira uliosogea bila mtu mwingine kuuona. Ule mkwaju mmoja ulimgharimu, maana alilingana na Willie Macfarlane na kushindwa kwenye marudiano. Huo ni uaminifu, na sina ugomvi nao hata chembe. Mchezaji aendelee kusema "nimeugusa mpira", aendelee kumwita mwamuzi akiwa na shaka. Lakini kukagua kama mwenzako ameandika tatu au nne ni ukarani, na mtu hana dhambi kwa kutokuwa karani mzuri. De Vicenzo alijiumiza mwenyewe kwa ile kadi. Mwizi gani anajiongezea mkwaju?

Eliud Kipchoge alipokuwa anavunja rekodi Berlin hakuna aliyempa saa amhesabie muda mwenzake anayekimbia naye, kisha wakifika wasainishane, na akikosea sekunde moja aambiwe hakukimbia. Watu wangecheka nchi nzima. Kwenye gofu tunaambiwa ndiyo desturi.

Hoja ya pili naipa uzito kidogo: si kila ziara (mfululizo wa mashindano ya kulipwa) ina mitambo, na alfajiri ya Alhamisi shimo la 13 hakuna kamera. Sawa. Ndiyo maana sijasema kadi ichomwe moto. Kwenye klabu, Jumamosi, mtu na hendikapu yake ya 18 (mikwaju ya nafuu anayopewa asiye bingwa) na rafiki zake watatu, kadi ibaki kama ilivyo, pale hakuna shahidi mwingine. Nazungumzia watu wa kulipwa, kwenye mashindano yenye mhesabu kwa kila kundi. Waliowahi kwenda Kenya Open pale Muthaiga au Karen wanajua kundi halitembei peke yake. Hapo alama rasmi iwe ya kamati. Mchezaji aoneshwe alama zake kabla hajaondoka, akiona kosa aseme, zikipishana waulizwe mhesabu, mwenzake na picha kama zipo. Likigundulika kosa baadaye, aandikiwe mikwaju aliyopiga, basi. Kamwengue yule aliyedanganya makusudi, na huyo sheria tayari ina pa kumshika kwa utovu wa nidhamu.

Kuna ndugu yangu mmoja kwenye jukwaa lingine aliniambia eti hayo ni mambo ya kuandika dakika mbili, mtu akishindwa kukagua mashimo 18 amejitakia. Ndugu, umewahi kuona mtu ametoka kukaa juani kwa muda wa saa tano, amepoteza mkwaju shimo la mwisho, kichwani anajua huenda amepoteza ubingwa wa maisha yake, halafu unampa karatasi yenye visanduku vidogo? Wewe ukitoka kazini umechoka unasaini fomu ya mizigo bila kusoma, na hapo hakuna koti la kijani.

Sasa wale wa "sheria ni sheria" nawaachia swali moja tu, na msilikimbie. Ryder Cup, timu ya Ulaya dhidi ya timu ya Marekani, ndiyo mashindano yenye presha kuliko yote katika gofu. Pale wanacheza mtu kwa mtu au wawili kwa wawili, shimo kwa shimo, kila mechi ina mwamuzi wake, na hakuna mchezaji anayesaini kadi ya alama mwisho wa siku. Hakuna hata mmoja. Wachezaji ni walewale, mchezo ni uleule, na kila mtu anatoka pale akisema ndiyo gofu bora kabisa. Ile roho ya mchezo mnayosema inakaa kwenye kadi, wiki ile ya Ryder Cup huwa inakuwa wapi?