Tupeane uzoefu: ukuta mtupu nyuma ya kitanda uliufanyaje, na yalikukuta yapi?

Mpangaji_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Tumehamia chumba kipya mimi na mke wangu. Kitanda ni 5 kwa 6, tumekiegemeza kwenye ukuta pekee usio na dirisha wala mlango. Tatizo ni huo ukuta. Mweupe kutoka sakafuni mpaka darini, hauna hata msumari. Mke wangu anataka karatasi za kubandika zenye maua, mimi nawaza picha moja kubwa. Kabla hatujatoa hela naomba waliopamba ukuta wa kichwani watueleze walifanyaje na baadaye ikawaje. Picha za mtandaoni tumeziona nyingi, tunataka yaliyowakuta ninyi.

Mama_Kiambaza
Kaka umenigusa pabaya. Ngoja niandike yote leo.

Tulipanga chumba cha uani Mikocheni, kimetoka kupakwa rangi, kinanukia upya. Mwenye nyumba akatuambia, "Hapa hamna cha kufanya, ni kuingia na kulala." Mimi nilikuwa na mimba kubwa, nataka mtoto akija akute chumba kizuri. Tukanunua karatasi za ukutani za kijivu zenye michoro ya mawe, fundi akabandika ukuta mzima nyuma ya kitanda. Watu wakija wanapiga picha. Mtoto akazaliwa, nikamlaza upande wa ukutani asianguke.

Masika ikaingia. Kwanza ikaja harufu. Nikafua mashuka, nikaanika godoro, nikabadilisha hadi pazia, harufu iko palepale. Kisha mtoto akaanza kukohoa usiku, kifua kinambana, anapumua kwa kelele. Tunampeleka hospitali, anapewa dawa, akirudi chumbani siku mbili tatu kifua kinaanza tena. Usiku mmoja nilikaa nimemshika wima kifuani kwangu mpaka adhana ya alfajiri, kila nikimlaza anakosa pumzi. Nilimhesabia pumzi, nalia kimyakimya ili mume wangu asiamke. Asubuhi daktari ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, mtoto analala upande gani, na ukuta wake ukoje?"

Tulipofika nyumbani mume wangu akavuta kona ya karatasi. Ikatoka yote kwa mkono mmoja, nyuma imelowa. Ukuta ulikuwa mweusi kwa fangasi kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, usawa uleule wa mtoto anapolala. Mwenye nyumba alipoitwa akasema karatasi zetu ndizo zilizoharibu ukuta wake. Lakini chini ya ile rangi mpya mlikuwa na madoa ya zamani, alijua akayapaka juu! Tulihama kabla kodi haijaisha na hakuturudishia kitu. Mtoto sasa yupo shule ya msingi, mzima. Ila mimi mpaka leo nikiingia chumba cha mtu nanusa ukuta kwanza.

Kimara_Juu
Hiyo harufu ya masika naijua. Unalaumu godoro, kumbe ukuta.

Fundi_Mwiko
Pole sana mama. Mimi ni fundi plasta na rangi, acha nieleze maana haya nakutana nayo kila mvua.

Ukuta unalowa kwa njia tatu. Ya kwanza, maji yanapanda kutoka ardhini kwa sababu wakati wa kujenga hawakulaza nailoni nzito juu ya msingi kabla ya kuanza tofali. Huu unyevu wa chini mara nyingi unaishia kama mita moja, ndiyo maana mama aliuona kwenye usawa wa kiuno. Ya pili, mvua inapiga ukuta wa nje au bomba linavuja ndani ya ukuta. Ya tatu, tofali au plasta ilitengenezwa kwa mchanga wenye chumvi ya bahari. Chumvi inavuta unyevu wa hewani, utaona unga mweupe unachomoza na rangi inabanduka magamba kila ukipaka upya.

Sasa ukibandika karatasi za plastiki au ukipaka rangi ya mafuta juu ya ukuta wa namna hiyo, maji hayana pa kutokea. Yanakaa nyuma, fangasi wanaota.

Kipimo hakina gharama. Chukua kipande cha nailoni angavu, bandika ukutani kwa gundi ya mkanda pande zote nne pasiingie hewa, acha siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, ukuta unatoa maji. Yakiwa upande wa chumbani tu, hewa ya chumba ndiyo nzito, fungua madirisha. Na kama plasta ni mpya, subiri wiki nne hivi ikauke ndipo upake rangi.

Ngambo_Unguja
Fundi kasema kweli, na huku kwetu ni zaidi. Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa chokaa unapumua, unalowa na kukauka wenyewe. Zikaja tabia za kupiga plasta ya saruji juu yake ili uonekane mpya, maji yakafungiwa ndani, na plasta yenyewe inabanduka mapande. Nyumba ya bibi yangu ilifanyiwa hivyo chumba kimoja, na ndicho chumba pekee kilichooza.

Sisi nyuma ya kitanda tuna mkeka wa ukili wa rangi, wa Pemba. Haujagusa ukuta. Umeshonewa kwenye ufito juu, na nyuma mna vijiti viwili vinavyouweka mbali kidogo hewa ipite. Masika tunautoa tunauanika juani, tunaurudisha.

Mkuu_wa_Ghorofani
Mkeka ukutani? Si utaleta kunguni tu.

Ngambo_Unguja
Kunguni wanakaa kwenye kitanda chako, si kwenye mkeka unaoanikwa. Usiseme kitu cha watu vibaya.

Doti_Kamili
Mimi nimetundika kanga ya mama yangu. Alinipa doti siku ya kuolewa, moja naivaa, moja ipo ukutani. Upana wake karibu mita moja na nusu, kwa hiyo kwa kitanda cha 5 kwa 6 inakaa sawasawa, haipungui wala haizidi. Pindo lote linaonekana na jina linasomeka. Mama alishafariki. Naiamkia kila asubuhi.

Babu_Kigamboni
Mwanangu pole kwa mama. Lakini sisi tuliolelewa zamani kanga hatuipigilii misumari. Kanga ni ya kumsitiri mtu. Mtoto anabebwa kwa kanga, mgonjwa anafunikwa kanga. Iweke sandukuni.

Doti_Kamili
Shikamoo babu. Sijaipigilia hata msumari mmoja. Nimeipindia mfereji juu nikaipitisha kwenye bomba la pazia. Na sandukuni nilishaiweka, panya wakala ya dada yangu iliyokuwa pembeni yake. Hii ningeipoteza pia.

Babu_Kigamboni
Marahaba. Kama ni bomba la pazia nimekuelewa. Ila usiweke mahali jua linapopiga, rangi itapauka.

Kisiwani_Lamu
Nyumba za kale za mawe huku kwetu, chumba cha ndani ukuta wake ulijaa vidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vilivyochongwa kwa chokaa, safu juu ya safu, vikiwekwa vyombo vya kauri. Vyumba vyenyewe ni vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima chumba. Bado nawaambia vijana wanaojenga: acheni nafasi ya kidaka kimoja au viwili kichwani mwa kitanda tangu mnapopandisha tofali. Unaweka taa, kitabu, glasi ya maji, na ukuta umeshapambika.

Rangi_za_Baiskeli
Mkuu Tabata, wewe umesema unataka picha. Nunua picha ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 hapahapa Dar, akitumia rangi za mafuta zinazong'aa za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi vya mraba, pande kama futi mbili. Alifariki 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, na vijana wake wakaendeleza mpaka leo. Ni nyepesi, hazina kioo, ikianguka usiku haimkati mtu. Nenda Oysterbay pale wanapochorea, ukae uwaone wakifanya kazi, uchague mwenyewe. Mchoraji apate hela yake mkononi.

Abu_Safari
Picha za wanyama juu ya kichwa unapolala na unaposwali? Kwetu Waislamu malaika hawaingii nyumba yenye picha za viumbe. Weka aya, au maua.

Rangi_za_Baiskeli
Ndugu, mimi nimejibu aliyeomba picha. Hajasema dini yake. Na wapo wanaochora miti na maua matupu.

Abu_Safari
Sawa, nimetaja ili mwenye kuhitaji ajue. Hatugombani.

Kimara_Juu
Mimi nilitaka kioo kikubwa kichwani. Fundi akakibandika kwa silikoni juu ya rangi.

Fundi_Mwiko
Usilale chini ya hicho kioo hata leo! Silikoni inashika rangi, na rangi ndiyo inayobanduka. Kioo cha kichwani kinafungwa kwa skrubu na vishikizo, tena kwenye tofali zima. Na mnaotoboa: msitoboe moja kwa moja juu ya swichi au soketi. Nyumba zetu nyingi nyaya zinashuka humo kutoka darini.

Jirani_wa_Ukuta
Niliposoma habari za kutoboa nimeacha kupika. Sisi tulipigilia msumari tukamfikia mtu.

Tulipanga chumba kimoja Magomeni, nyumba ya zamani ya korido katikati. Chumba cha pembeni yetu aliishi mzee mmoja peke yake, mpole, salamu na kwenda zake. Siku moja nikataka picha ya harusi juu ya kitanda. Mume wangu akaanza na msumari wa zege. Kushoto umepinda, kulia umepinda, katikati ukazama wote kama umechomwa kwenye mkate. Tukasikia upande wa pili, karibu kabisa: "Taratibu mwanangu, hapa pana kabati langu la vyombo."

Mkuu_wa_Ghorofani
Weee! Endelea.

Kimara_Juu
Dada usituache hapo.

Jirani_wa_Ukuta
Nilikuwa nageuza chapati, narudi.

Mume wangu akagonga kwa ngumi, panalia patupu. Akakwangua rangi, ikatokea plaiwudi. Nyuma ya kitanda chetu palikuwa mlango! Kumbe zamani vile vyumba viwili vilikuwa chumba na sebule ya mzee huyo na mkewe. Mkewe alipofariki, kodi ikamshinda, akarudisha chumba kimoja. Mwenye nyumba akang'oa mlango, akaziba kwa plaiwudi pande zote mbili, akapaka rangi, akatupangisha.

Nikakaa kitandani nikawaza kila tulichowahi kusema humo ndani. Ugomvi wetu wa hela. Mambo ya mama mkwe. Na usiku wa uchungu wa mtoto wetu wa kwanza. Usiku ule mume wangu alikuwa hajamaliza kuvaa shati, tunafungua mlango wa korido, tunamkuta mzee amesimama na bajaji imewashwa nje. Tulisema Mungu kamwamsha. Nilijifungua muda mfupi baada ya kufika. Hakuwahi kutuambia alijuaje.

Jioni nikaenda kumwomba radhi kwa ajili ya kabati. Akaniambia, "Mimi ndiye wa kuomba radhi. Nilijua mnasikika, nikaona haya kusema, mngehama. Nikitaka kukohoa usiku nilikuwa natoka nje nisiwashtue."

Mzee wa miaka ile anatoka nje kukohoa, kwenye baridi ya Julai, ili sisi tulale.

Mama_Kiambaza
Nimelia jamani.

Babu_Kigamboni
Huyo ndiye jirani. Mungu amlipe.

Mkuu_wa_Ghorofani
Mimi nasema mwenye nyumba alistahili kushtakiwa. Huwezi kumpangisha mtu chumba chenye ukuta wa mbao bila kumwambia.

Ngambo_Unguja
Na kodi ya miezi sita alichukua kamili. Ukapambe ukuta wa mtu ambaye hata ukuta hajakupa!

Kimara_Juu
Wenye nyumba wengine wazuri lakini. Wangu alininunulia rangi, nikapaka mwenyewe.

Jirani_wa_Ukuta
Wetu alikubali kujenga tofali baada ya mume wangu kukataa kulipa kodi iliyofuata. Siku fundi anaziba, mzee aliomba tundu moja liachwe kwanza, akapitisha mkono akamshika mwanangu kidole. Picha ya harusi ipo hapo hapo mpaka leo, na mzee alikuwa anakuja kula kwetu kila Ijumaa mpaka ndugu zake walipomchukua Kilwa.

Mpangaji_Tabata
Wakuu, nimerudi. Nilibandika nailoni kama fundi alivyosema, kipande kimoja chini karibu na kitanda, kimoja juu. Cha juu kikavu. Cha chini kina matone, yote upande wa ukutani. Mke wangu ameyaona mwenyewe, karatasi za maua tumeziacha. Kitanda nimekivuta mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Nimempigia mwenye nyumba, kasema atakuja kesho jioni. Nibandue nailoni nisafishe kabla hajafika, au niiache?

Fundi_Mwiko
Iache aione na matone yake. Muulize maji ya bafuni na ya mvua upande wa nje yanaelekea wapi, maana dawa inaanzia huko. Akitaka kupaka rangi juu, kataa.

Mama_Kiambaza
Na upige picha leo, tarehe ionekane. Mkiwa na mtoto, alale upande wa mbali na ukuta.