Pedali moja ya filta kwa gitaa na sintesaiza: ipi?

Solo_Kirumba: Habari zenu wadau. Bendi yetu ina gitaa la solo na sintesaiza, hela inatosha pedali moja tu ya filta ya analogi (inayokata sehemu ya sauti, nyembamba au nzito, kwa sakiti za umeme badala ya kompyuta), tutapokezana. Nimebaki na tatu: Cry Baby ya Dunlop (wah, ile unayoibembeza kwa mguu), Q-Tron+ ya Electro-Harmonix, na Moogerfooger MF-101 ya Moog, ya mtumba.

Kinanda_Nyakato: Cry Baby tuachie wapiga solo. Imepimwa kwa gitaa. Sintesaiza ikiingia na volyumu yake ya kawaida, sauti inakwaruza. Chukua Q-Tron+. Aliyebuni Q-Tron ni Mike Beigel, yule yule wa pedali ya filta ya Mu-Tron III ya 1972. Q-Tron+ haikanyagwi kila saa, inafuata nguvu ya kidole: ukichapa nyuzi filta inafunguka, ukigusa taratibu inabaki imejifunga. Kwenye sebene ni raha tupu!

Besi_Igoma: Kwa gitaa sawa, kaka. Ila padi ndefu je, zile sauti za kinanda zinazovutwa muda mrefu? Noti ikishikiliwa, filta inafunguka mara moja halafu inaganda hapo hapo. Mimi nipo na MF-101. Ilitoka 1998, ina swichi ya poli 2 na poli 4, yaani unachagua ukali wa kukata sauti: desibeli (dB) 12 au 24 kwa kila oktavu. Ina nobu ya kuongeza au kupunguza sauti inayoingia, na kitaa kinachogeuka chekundu ukizidisha. Nyuma unachomeka pedali ya mguu, basi mpiga kinanda anaifungua filta polepole atakavyo huku padi inaendelea.

Kinanda_Nyakato: Sibishi kuhusu sauti yake. Lakini Moog waliacha kuzitengeneza 2018, na bei ya mtumba unaijua. Mjini hapa sijawahi kuiona dukani.

Solo_Kirumba: Kwa hiyo hela ndiyo inaamua. Q-Tron+ ina shida ya umeme?

Fundi_Buzuruga: Inataka volti 24, si 9 kama Cry Baby. Usije ukabahatisha adapta ya mtaani pale Makoroboi. Soma volti na mchoro wa plasi na hasi. Kwenye sintesaiza anza na volyumu chini, nobu ya gain (inayoamua filta iitikie kiasi gani) nayo chini, upandishe taratibu. Halafu pedali ni mono, inapokea njia moja tu ya sauti, wakati sintesaiza inatoa mbili, kushoto (L) na kulia (R): toa sauti kwenye tundu la L/Mono. Ukichomeka kwenye R peke yake, nusu ya stereo itabaki nyuma.