Gemu ya saa 48: tutoe mrejesho gani zaidi ya "hongereni"?

Karabai_Kirumba:
Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Mimi na wenzangu wawili hapa Mwanza tulishiriki shindano la mtandaoni la kutengeneza gemu ndani ya saa 48, tukatumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa kuwa ni ya bure na gemu yake huchezeka moja kwa moja kwenye kivinjari. Gemu yetu inahusu uvuvi wa dagaa: mchezaji anawasha taa gizani, anasubiri dagaa wakusanyike, kisha anavuta wavu kabla upepo haujachafua ziwa. Jumamosi umeme ulikatika saa tano nzima, kwa hiyo sauti hatukuwahi kuiweka.

Tulipata maoni kumi na moja. Tisa yalisema "safi sana, hongereni", moja likasema "haichezeki", na la mwisho likatutaka tuongeze duka la nyavu na hatua ishirini. Mwisho wa mwezi tunakutana vikundi sita hapa Nyamagana tuchezeane gemu zetu, nami nimepewa kazi ya kuongoza maoni. Mtu aseme nini kuhusu kazi ya siku mbili, bila kumvunja mwenzake moyo na bila kumvika kilemba cha ukoka?

Nanga:
Ndugu Karabai, nimeicheza kupitia kiungo ulichoweka. Kwa muda wa karibu dakika nzima nilibonyeza mishale nikidhani mtumbwi utasogea, kumbe umetia nanga na kinachosogea ni taa. Nilipogundua hivyo nilifurahi kweli, hasa dagaa walipoanza kujikusanya mmojammoja pembezoni mwa mwanga. Kisha nikavuta wavu mara tatu, mara zote nikaambiwa nimekosa, na mpaka sasa sijui kama niliwahi au nilichelewa.

Utaona kwamba sijakushauri uongeze kitu. Nimekueleza yaliyonipata na yalinipata wakati gani. Namna ya kurekebisha mnaijua ninyi mlioitengeneza. Huko Nyamagana, watengenezaji wakae nyuma ya mchezaji, wanyamaze, waandike, na mchezaji aseme kwa sauti anachofikiri kila anapobonyeza. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kuandika msimbo, nakuambia mapema.

Mchora_Ramani:
Naongeza kuhusu alama tu. Ludum Dare, shindano la mtandaoni la kutengeneza gemu lililoanza mwaka 2002, huhitaji gemu ipigiwe kura zisizopungua 20 ndipo ipangwe nafasi, na nahisi hamu ya kufikisha idadi hiyo ndiyo inayowafanya watu wengi wapite mbio na "hongereni" zao. Hata hivyo, inamruhusu mshiriki kujitoa katika kipengele fulani, kama vile sauti, jambo ambalo lingewafaa ninyi. Global Game Jam, tukio la dunia nzima la kutengeneza gemu lililoanza mwaka 2009, haiweki ushindani kabisa. Vikundi sita havihitaji alama; acheni.

DadaWaKayenze:
Nakubaliana na kaka Nanga, ila kimya hicho kiwe na mwisho. Mchezaji akishamaliza kusimulia, mtengenezaji naye aeleze alikusudia nini, kwa sababu maoni yenye faida huwa yamejificha kati ya kauli hizo mbili. Akieleza kabla, mchezaji atamwonea haya na kuona kile alichoambiwa akione.

Vilevile, msialike watengenezaji peke yao. Nilimpa mjomba wangu, ambaye ni mvuvi, aicheze kwenye simu. Hakuwa amegusa kitufe chochote alipouliza, "Hawa wanakwenda wapi na mwezi mpevu?" Mmechora mwezi mzima kwenye kona ya juu, ilhali wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi kwa kuwa taa haivuti dagaa kukiwa na mwanga kila mahali. Maoni yote kumi na moja yalipita juu ya mwezi huo.

Karabai_Kirumba:
Dada, shikamoo yangu imfikie mjomba. Mwezi nimeufuta jana usiku, na kama ana nafasi mwisho wa mwezi, nauli tutamtumia. Kaka Nanga, ulikuwa unawahi kuvuta. Nilikuwa nimeanza kuandika aya ya kueleza kwa nini mtumbwi hausogei, nikakumbuka kwamba nimeambiwa ninyamaze.